Jicho la Plastiki

Rafiki yangu, fundi wa mashine ya leza ya macho, si mtu wa kuzua mambo. Kila asubuhi huijaribu mashine kwa jicho la plastiki, kisha hutia sahihi kwamba ni salama. Siku moja aliyesubiri upasuaji alikuwa shangazi yake, aliyebakiwa na jicho moja tu.

"Dada, unalipima au unalitongoza?" daktari alifoka katika chumba cha leza kilichozimwa taa, alipoona anakawia.

"Njoo uone mwenyewe."

Kwenye skrini, ndani ya ile plastiki, mishipa ya damu ilikuwa ikipwita. Daktari akamsukuma kando, akatia sahihi yeye.

"Mwanangu, niingie?" shangazi aliuliza mlangoni.

Rafiki yangu akawasha taa. Mboni ya jicho la plastiki ikasinyaa kwa mwanga.