Darubini Inayoona Joto

Asubuhi kabati la karakana lilikutwa wazi, na darubini mpya haimo. Ilikuwa darubini ya kuona joto: mtu akijificha kichakani, mwili wake hung'aa mweupe machoni mwa aliyeishika. Wateja walikuwa njiani kuja kuijaribu, na mlinzi mzee, mtunza ufunguo, ameshakalishwa kwenye benchi kama mwizi.

"Ufunguo hautoki kiunoni mwangu," alimwambia Sajini wa polisi. "Ila nikienda kunawa, huwa nautundika pale msumarini."

Kwa hiyo yeyote angeweza kuuchukua. Sajini, mama asiyemwamini mtu kabla ya chai wala baada yake, alimgeukia mbunifu, dada aliyeiunda darubini ile.

"Nasikia jana uligombana na mtu."

"Na Redio. Amewaahidi wateja kwamba inaona kupitia ukuta. Nikamwambia haioni kupitia ukuta wowote, aache kutuaibisha."

"Basi hasira unazo."

"Ninazo. Lakini niibe kazi ya mikono yangu?"

Redio alikuwa mkuu wa mauzo, mpwa wa mwenye karakana. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu hazimiki.

"Afande, sipendi kumchongea mtu mzima," alianza, kisha akamchongea. "Usiku nilikuwa uani najizoeza na darubini ya zamani. Nikaielekeza dirishani, nikamwona mzee anang'aa, anafungua kabati."

"Dirisha lilikuwa wazi?"

"Halifunguki. Limepigiliwa misumari, vumbi lisiingie."

Sajini alilisukuma. Kweli, halikutikisika. Mbunifu alitaka kusema neno, Sajini akamkonyeza anyamaze. Alimsimamisha mlinzi mbele ya kabati, akatoka uani na darubini ya zamani. Mbunifu alimwonyesha kuondoa kifuniko na kusogeza matundu ya kutazamia mpaka yalingane na macho yake.

Sajini alitazama. Dirishani alisimama mtu mweupe, viwiko juu. Alishusha kiwiko kimoja, na yule akashusha. Alikuwa anajitazama mwenyewe. Mlinzi hakuonekana kabisa.

"Kioo hakipitishi joto," mbunifu alisema. "Kinalirudisha."

Sajini alirudi ndani. "Redio, wewe ulimwonaje?"

Kwa mara ya kwanza Redio alizimika. Mjomba wake, mwenye karakana, alimsogelea.

"Iko wapi?"

"Kwenye buti ya gari langu, ndani ya katoni ya vipeperushi. Sikutaka kuiuza, mjomba. Nimewaapia wateja inaona kupitia ukuta. Nilitaka leo ipite bila majaribio."

"Ukamtwisha mzee huyu, aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto?"

Redio hakuthubutu kumtazama mlinzi. "Ukuta nilishaambiwa," alinong'ona. "Kioo nani angefikiria?"

Honi ililia nje. Mlinzi alianza kwenda getini kwa mazoea, lakini mwenye karakana alimshika bega.

"Kaa, kaka. Leo atafungua yeye, na atawaeleza yeye."

"Akimaliza," Sajini alisema, "tunaongozana kituoni."

Redio alikwenda akiburuta miguu. Alipofungua geti, wateja walishusha kioo cha gari ili wamsikie vizuri.