Unywele Kwenye Fomu

Ulikuwepo. Usitazame pembeni, unaambiwa wewe. Ulikuwa umekaa jukwaani, kofia imekushuka usoni. Msichana alianguka kwenye kona, katikati ya mbio, nawe ukapiga makofi. Ukasema, "Huyo katoa vyote!" Kisha macho yako yakamfuata aliyekuwa anaongoza. Hukuuliza kama yule aliyeanguka aliamka. Basi tulia usikie alikuwa nani, na ilikuwaje akabaki hai bila msaada wako.

Baba yake ni fundi viatu. Kibanda chake kiko karibu na geti la uwanja wa michezo. Kina meza fupi, cherehani ya ngozi, na kopo la gundi ambalo kifuniko chake kilipotea zamani. Wakimbiaji wote wa klabu humpelekea viatu vyao vya misumari. Fundi akigeuza soli anakueleza habari zako zote.

"Wewe unakanyagia upande wa nje. Na wewe, mguu wako wa kushoto unauonea wa kulia."

Wanamtania kwa kumwita Daktari wa Miguu. Hununa kidogo, lakini moyoni anafurahi.

Binti yake wanamwita Kijiti, kwa jinsi alivyo mwembamba. Hukimbia mita mia nane. Mwaka huo alikuwa wa pili nchi nzima. Zilikuwa zimebaki siku kumi tu kabla ya mashindano ya kuchagua timu ya taifa.

Asubuhi moja Kijiti aliingia kibandani. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, na vumbi la uwanja liko shavuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepigana na nani?"

"Na ardhi."

"Nani kashinda?"

"Ardhi, tena kwa mbali! Nimeanguka kwenye kona. Kocha kafurahi kweli."

Klabu hiyo ilikuwa na desturi yake. Mkimbiaji akianguka kwa kuchoka, walisema amemwaga ndoo. Maana yake ametoa nguvu zote, hakubakiza tone. Wenzake walimpigia makofi matatu na kumbebea begi mpaka getini. Wapo waliotamani kuanguka ili tu wabebewe begi.

"Kwa hiyo leo umemwaga ndoo," fundi akasema huku akicheka.

"Mpaka tone la mwisho."

Kwenye benchi alikaa mama mmoja akisubiri kiatu chake cheupe. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine ulikanyaga kipande cha boksi. Fundi alimfahamu. Alikuwa mpimaji katika hospitali kubwa, kazi yake kupima umeme wa moyo.

"Samahani, mwanangu," mpimaji akasema. "Ulianguka kabla ya mstari wa mwisho, au baada ya kuuvuka?"

"Kabla. Kama mita mia mbili hivi."

"Ulijikwaa?"

"Hata. Taa zilizimika tu. Nikaja kushtuka niko chini."

"Na moyo?"

Kijiti akafikiri. "Ulikuwa unapiga ovyo. Kama cherehani ya baba mkanda ukitoka."

Mpimaji hakucheka. Alivuta benchi karibu.

"Nisikilizeni wote wawili. Mtu akimaliza mbio akasimama ghafla, damu hubaki miguuni, kichwa kinakosa, anaanguka. Hilo mara nyingi si baya sana, ingawa naye amwone daktari. Lakini mtu akizimika huku anakimbia, hiyo ni kengele. Moyo unaomba msaada. Asikimbie tena mpaka apimwe."

"Dada yangu, mtoto huyu ni wa pili nchi nzima!" fundi akasema. "Moyo mbovu unaweza kumfikisha huko?"

"Unaweza, fundi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwanariadha anaonekana mzima kuliko sisi wote, kwa hiyo hakuna anayemuuliza kitu. Haya, niambie. Katika ukoo wenu, kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana?"

"Hapana."

"Aliyepata ajali ya gari bila sababu kueleweka? Aliyezama majini, na kuogelea alikuwa anajua?"

Msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ukamchoma fundi kidole. Akakinyonya, akainamia kiatu.

"Baba?" Kijiti akaita.

"Kiatu kiko tayari," fundi akamwambia mpimaji. Hakikuwa tayari. Kisigino kilikuwa bado hakijashika gundi.

Mpimaji alikivaa hivyo hivyo. Mlangoni akageuka. "Mimi kesho niko kazini kuanzia saa mbili asubuhi. Kipimo chenyewe hakiumi, na dakika kumi ni nyingi."

Mchana mama yake Kijiti alileta chakula. Alimkuta mumewe ameinamisha kichwa, chakula kikapoa. Alipoambiwa yaliyotokea, aliweka chini kawa la kufunikia chakula.

"Mume wangu, mdogo wako alikuwa anauvuka ule mto wa kwenu kwa kuogelea, akienda na kurudi, anatucheka sisi tulio ukingoni. Akafa kwenye maji ya kiuno. Umri wake ishirini na sita."

"Mama yangu alikataza tusimtaje."

"Mama alikataza kwa uchungu. Watu walisema alikuwa amelewa, na kinywaji hakikuwahi kugusa midomo yake. Sasa unamficha nani? Aliyekufa au aliye hai?"

Fundi aliinuka. Alifungua droo, akatoa bahasha ya karatasi za binti yake. Kila mwaka klabu humletea mzazi fomu ya afya asaini. Fundi husaini juu ya meza, vidole vikiwa na gundi, kazi inaendelea. Sasa alizipanga fomu sita pamoja, akazisoma.

*Umewahi kuzimia? Hapana. Moyo hupiga ovyo? Hapana. Kuna kifo cha ghafla katika familia? Hapana.*

Alama zote za vema zilikuwa kwenye hapana. Zilikuwa zimechapwa. Juu ya swali la tatu palikuwa na mstari mweusi mwembamba, uliojikunja kama ndoano. Fundi akaukwangua kwa ukucha. Haukutoka. Akatazama fomu ya mwaka uliotangulia. Mstari uleule, mahali palepale. Katika fomu zote sita.

"Ni unywele," mkewe akasema.

Ulikuwa unywele kweli. Miaka sita nyuma, mtu alijaza fomu moja, unywele ukadondokea kwenye mashine ya fotokopi. Tangu siku hiyo klabu nzima ilikuwa inasaini majibu ya mtu mmoja asiyejulikana. Warusha mkuki, waruka juu, wakimbiaji, wote hapana, hapana, hapana. Kazi ya kuuliza ilionekana ndefu. Kazi ya kunakili ilikuwa ya kubonyeza tu.

"Nami nimesaini," fundi akasema. "Soli za watoto wa watu nazisoma. Karatasi ya mwanangu sikuisoma."

Jioni kocha alikuja kibandani, filimbi shingoni.

"Fundi, nasikia umemzuia Kijiti. Bwana, siku kumi! Unamtia mtoto uoga."

"Alizimika akikimbia, kocha."

"Alimwaga ndoo! Nafundisha miaka ishirini. Hajanifia mtu."

Fundi akasimama. Juu ya rafu, kwenye msumari, zilining'inia njumu za mpira wa miguu, kamba zimefungwa pamoja. Akazishusha na kuzipuliza vumbi.

"Hizi ni za nani?"

Kocha akazitazama. Akatazama pembeni, kama wewe.

"Za yule winga wa timu ya mpira uliyoifundisha zamani," fundi akasema. "Miaka kumi na moja sasa. Aliniachia nishone upande huu, akasema atapita baada ya mazoezi. Alianguka akipasha misuli, hakuinuka tena. Mlisema jua. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, kocha. Nilikuwa nimeanika ngozi nje, haikukauka."

Kocha akakaa kwenye benchi. Akaivua filimbi, akaizungusha mkononi muda mrefu.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa," akasema taratibu. "Wiki moja kabla alizimia uwanjani. Nilimpigia makofi."

Fundi akazirudisha njumu msumarini. Kisha kocha akasema, "Kesho nawapeleka mimi. Saa mbili."

Chumba cha mpimaji kilikuwa na kitanda chembamba na pazia la bluu. Mpimaji alimbandika Kijiti vibandiko kifuani, mikononi na miguuni.

"Huu umeme unaingia au unatoka?" Kijiti akauliza.

"Mashine haiingizi chochote. Inasikiliza tu. Tulia, usiniharibie mchoro kwa kucheka."

Karatasi ikatoka na milima midogo midogo. Mpimaji aliitazama, akaipeleka yeye mwenyewe kwa daktari wa moyo, kwa miguu. Daktari akaagiza vipimo vingine. Wakaupiga moyo picha. Wakamkimbiza Kijiti kwenye mashine huku wakimwangalia. Wakampima na baba yake pia. Wiki ile ikaisha, mashindano yakapita bila Kijiti. Alilia siku mbili. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kisha daktari akawaita.

"Moyo wa mwanariadha mkubwa huwa tofauti na wetu," akasema. "Huwa mkubwa kidogo na hupiga polepole. Huo si ugonjwa, ni mazoezi. Ndiyo maana vipimo lazima visomwe na mtu anayejua kutofautisha. Moyo wako, Kijiti, umejengeka vizuri. Tatizo liko kwenye umeme wake. Baada ya kila pigo, moyo hujichaji upya. Wako unachelewa. Ukikimbia sana au ukiogelea, pigo jipya linaweza kuingia kabla haujawa tayari. Hapo mapigo yanavurugika, unazimika. Ugonjwa huu hurithiwa."

Kijiti akamgeukia baba yake. Fundi akavuta pumzi.

"Ulikuwa na baba mdogo," akasema. Akamsimulia yote, mto, kicheko, maji ya kiuno. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja ndugu yake kwa miaka ishirini na miwili.

"Kumbe hakulewa," Kijiti akasema.

"Hakulewa, mwanangu. Na mimi kipimo changu kinafanana na chako."

"Nimemaliza kukimbia, daktari?"

"Sijasema hivyo. Zamani tungekuambia uache. Siku hizi tunapima hatari ya kila mtu, kisha tunaamua pamoja. Utameza dawa kila siku, bila kuruka hata moja. Mashindano ya kuogelea usahau, na usiingie majini peke yako. Ziko dawa za kawaida zinazoweza kukudhuru, kwa hiyo kadi hii uionyeshe kila duka la dawa. Tutakupima tena. Ukiwa salama, utaanza polepole. Ila sharti moja si lako, ni la klabu. Uwanjani kuwe na mashine ya kushtua moyo, na watu wanaojua kuitumia."

Kocha akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi wa kwanza. Nifundishe."

Leo, mwaka na nusu baadaye, nyumbani kwa fundi kuna kelele kila asubuhi.

"Dawa!" mama anaita. "Nyote wawili, mdomo wazi nione!"

"Mke wangu, mimi mtu mzima."

"Mdogo wako naye alikuwa mtu mzima. Meza."

Uwanjani, kwenye nguzo ya pili toka getini, kuna kisanduku cheupe chenye mashine ya kushtua moyo. Hakina kufuli. Kocha, katibu wa klabu na wakimbiaji wakubwa wote wamefundishwa. Mtu akianguka na haamki, mmoja anabonyeza kifua kwa nguvu na haraka, mmoja anakimbilia kisanduku, mmoja anapiga simu hospitali. Mashine yenyewe inaongea, inawaelekeza. Makofi matatu yamekufa. Siku hizi ukianguka, hubebewi begi. Unabebwa wewe.

Fomu za zamani zilichomwa. Mpya hazina vema iliyochapwa. Kila mzazi huketi na mwanawe, fundi yuko mezani na katibu, maswali yanaulizwa kwa mdomo mmoja mmoja. Mzazi akijibu haraka "hapana", fundi humwambia, "Mimi pia nilijibu hivyo. Fikiri tena." Kwa njia hiyo wamepatikana wawili wengine. Mmoja ametibiwa, amepona kabisa.

Na zile njumu? Fundi alizipaka rangi, akazipeleka kwa mama wa winga. Alimkuta huko mdogo wa winga, naye anacheza mpira. Kijana alipimwa wiki hiyohiyo. Moyo wake mzima. Mama yake alizipokea njumu, akazikumbatia kifuani, akasema, "Fundi, umechelewa kuniletea," kisha akacheka huku machozi yanamtoka.

Jumamosi iliyopita Kijiti alikimbia tena mita mia nane. Alikuwa wa tatu. Alivuka mstari kwa miguu yake, akaendelea kutembea taratibu kama alivyofundishwa, akaja mpaka kwenye uzio.

"Baba, soli zinasemaje?"

Fundi akazigeuza. "Zinasema umetoa ulichonacho, na kingine umebakiza cha kesho."

Sasa wewe wa jukwaani. Mwanao, mdogo wako, jirani yako anakimbia, anacheza, anaruka. Fomu yake iko wapi? Inuka, kaiombe leo. Ukikuta majibu yamechapwa, ichane mbele yao. Nenda kwenu, uliza nani alikufa kijana, na usikubali jibu la haraka. Mtoto akizimika akikimbia, au kifua kikimbana, au moyo ukimpiga ovyo, mtoe uwanjani, mpeleke akapimwe. Kisha waulize wenye uwanja: kisanduku kiko nguzo gani? Wakikosa jibu, usirudi kukaa. Inuka. Mazoezi ya jioni yanaanza sasa hivi.