Kicheko cha Buibui

Asubuhi ile Paskazia, dairekta wa filamu, aliwakuta buibui wake kwenye dari. Jioni iliyopita waliachwa barazani, ndani ya tenga, buibui wa sponji na waya ambao Shimba, fundi wa vifaa vya filamu, aliwashona mwenyewe. Sasa walikuwa wananing'inia juu ya kitanda cha chumba cha nyuma, kila mmoja katikati ya utando wa kweli, mweupe, uliokazwa kama ngozi ya ngoma.

"Masele!" aliita kwa hasira. "Njoo uteremshe upuuzi wako!"

Tangu waipange nyumba hii ya Igombe, juu ya mawe ya ziwa, hakuna kilichokwenda sawa. Umeme ulikatika kila walipowasha taa. Wadudu wa ziwani waliingia kama moshi wakajibandika kwenye lenzi. Filamu yenyewe ilikuwa komedi ya kutisha, buibui wenye sumu wanauvamia mji mdogo kando ya ziwa, na mpaka siku hiyo ilikuwa haitishi wala haichekeshi.

Na hapo kulikuwa na Masele, mchekeshaji aliyeibeba filamu nzima. Utani wake ulijulikana Mwanza yote. Aliwahi kujifanya amekufa ndani ya kivuko cha Kigongo, akalala kimya mpaka abiria mmoja akaanza kumsomea sala ya wafu. Kwa hiyo alipofika mlangoni, akatazama juu na kusema, "Dada Paska, wallahi si mimi," hakuna aliyemwamini.

"Wewe ni Mkatoliki, Masele. Wallahi ya wapi?"

Nathaniel, fundi sauti, akacheka. Nathaniel alikuwa mtu wa kucheka kwa chochote. Juu kule utando mmoja ukatikisika, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa.

Walianza kupiga picha mchana, mapazia yameshushwa. Masele alitakiwa alale kitandani akikoroma huku buibui wakimpanda, wakivutwa na Shimba kwa nyuzi za kuvulia samaki. Chumba kilinuka ajabu, dagaa waliooza wamechanganyika na marashi. Paskazia aliagiza dirisha lifunguliwe, likagoma. Akaagiza liachwe. Alikuwa amechoka kuagiza.

"Haya, anza!"

Masele alikoroma kidogo, kisha akanyamaza.

"Koroma, Masele."

"Dada Paska, kata," alinong'ona, macho yamemtoka. "Kuna mtu ananisuka."

Nathaniel akaangua kicheko. Paskazia, kwa mara ya kwanza tangu waanze, alihisi kitu kikifufuka ndani ya filamu yake. "Safi sana! Usikate," alimwambia mpiga kamera. "Endelea hivyo hivyo, Masele."

"Siigizi! Jamani, siigizi!"

Machozi yalimtiririka hadi masikioni, na kwenye skrini buibui walikuwa wakipanda kifuani kwake kwa mwendo wa taratibu, mwendo mzuri kuliko wote ambao Shimba aliwahi kuutoa, mguu mmoja baada ya mwingine, wakizunguka shingo na kurudi, na nyuma yao nyuzi nyeupe zikibaki juu ya ngozi, hata Paskazia akageuka kumpongeza fundi wake, akamkuta Shimba amesimama pembeni yake, uso umempauka, nyuzi zote zimelegea mkononi mwake, na miisho yake haijafungwa kwenye kitu chochote.

"Dairekta," Shimba alisema kwa sauti ndogo, "mimi nimeshaacha kuvuta muda mrefu."

Wakamrukia Masele kumwokoa. Shimba alikata uzi mmoja kwa kisu, na palepale zikaota mbili. Ndipo mwenye nyumba, Bi Raya, aliyekaa kibanda cha jirani, akaingia akihema, khanga mkononi.

"Nani amecheka humu ndani?"

"Shikamoo, bibi. Sote tumecheka. Ni filamu ya kuchekesha," Paskazia alijibu.

"Mungu wangu. Hiki chumba kilikuwa cha wifi yangu, marehemu. Alikuwa na jini wake, akimtuliza kwa ubani na marashi kila Ijumaa. Amekufa, hakuna aliyeendelea. Jini yule anakula kicheko. Mkicheka, anakaza."

"Sasa bibi, si ungetuambia tulipopanga!"

"Ningewaambia, mngenicheka."

Bi Raya alimpigia Mwalimu Msafiri, msomaji wa dua aliyekaa Kirumba. Jibu lilikuja fupi: anakuja, wazime mashine zote, na mtu asithubutu kucheka. Paskazia mwenyewe alizima kamera.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Jini alikuwa ameshamwingia Masele, na kile kitu kilifungua kinywa chake na kuanza kuchekesha. Masele mwenyewe, kwa siku zote hizo, hakuwahi kuchekesha namna ile.

"Kata! Rudia!" kilisema kwa sauti ya Paskazia mwenyewe, puani, kama mtu aliyekunywa chai ya moto. "Mungu angeumba dunia chini ya dairekta huyu, mpaka leo Adamu ni tope. Rudia pua! Pua haijanikaa! Hawa, mbona umeingia kabla hujaitwa?"

Shimba alijiziba mdomo kwa viganja. Mpiga kamera alikimbilia nje. Nathaniel alijisokomeza shuka mdomoni, mabega yakitetemeka, na pua yake ikatoa mlio mdogo tu, mlio wa filimbi, na uzi wa shingoni kwa Masele ukazama ndani ya nyama.

"Nathaniel, utamuua!" Paskazia alifoka kwa mnong'ono.

"Sitaki kucheka, dada! Ninalia!" Na kweli alikuwa analia.

Mwalimu Msafiri alipofika hakusalimia mtu. Alichoma ubani, akaketi upande wa kichwa cha Masele, akaanza kusoma. Buibui walisimama. Kisha kile kitu kikamtazama kwa upole.

"Mwalimu, hiyo kanzu umeigeuza nje ndani."

Msafiri alijitazama. Ilikuwa kweli, mishono yote nje, alivaa mbiombio. Mdomo wake ulicheza. Alifumba macho, akaendelea kusoma akitetemeka. Nathaniel akashindwa. Kicheko kilimtoka kama matapishi, na uso wa Masele ukawa rangi ya bluu.

Paskazia alipiga magoti, akamshika Masele mashavu. "Masele, uliniambia nikate," alisema. "Ulilia mbele yangu, mimi nikasema safi. Nilikuona unalia nikasema safi sana." Chumba kizima kikanyamaza, hata Nathaniel. Katika ukimya ule Msafiri alisoma hadi mwisho, na buibui wakaanguka mmoja mmoja kama matone, sponji kwa sponji, wakabaki sakafuni bila uhai.

Masele alikohoa. Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa, "Mlirekodi?"

"Nilizima kamera."

"Mlizima?" Aliketi, amekasirika hasa. "Sasa nani ataniamini?"

Filamu haikumalizika. Miezi kadhaa ikapita, Paskazia akaalikwa harusini katika ukumbi mmoja wa Buzuruga, na mchekeshaji wa siku hiyo alikuwa Masele. Alianza vizuri. Meza za mbele zikacheka, kisha ukumbi mzima. Katikati ya hadithi alisita, akaingiza kidole kwenye kola ya shati na kuivuta, kana kwamba imembana.

"Naomba msicheke," alisema kwenye kipaza sauti.

Watu wakacheka zaidi.

"Jamani, kweli. Nawaomba."

Bibi harusi alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. Paskazia aliruka kutoka kitini, akaanza kusukuma viti kwenda jukwaani akipiga kelele, "Nyamazeni! Nyamazeni nyote!" Na ukumbi, ukidhani naye ni sehemu ya mchezo, ukaangua kicheko kikubwa kuliko vyote.