Mifarishi Mikavu ya Aizu

Kila asubuhi, kabla mizinga ya jeshi la mfalme haijaamka, Isoko alichota maji kisimani na kuloweka mifarishi ya pamba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jeshi hilo lilikuja kuzika utawala wa zamani wa mashogun, majemadari waliotawala Japani, na ngome ya Aizu ilikataa kuzikwa. Kombora likidondoka huku utambi wake unawaka, wanawake wawili hulikimbilia na kulifunika kwa mfarishi uliolowa chepechepe, na utambi hufa kabla hawajafa wao. Vuli ile makombora yalinyesha sana, hata watu wakasema kunguru wameacha kuruka, wanapita kwa miguu.

Siku hiyo risasi zilipita juu ya kisima kama nyigu waliochokozwa. Ndoo ya kwanza ilitobolewa ikiwa mkononi mwa Isoko. Akachota ya pili, akarudi mbio, akalimwagia rundo zima juu juu. Mifarishi ikang'aa kwa maji. Pamba ya ndani ilikuwa kavu.

"We Isoko!" aliita Mama Shige, mkuu wao, mwenye sauti ya kuamsha maiti. "Imelowa mpaka ndani?"

"Imelowa, mama. Inachuruzika!"

Punde kombora likaanguka uani, likazunguka likifuka moshi. Nui, binamu yake Isoko, na Bi Hatsue mshonaji wakanyakua mfarishi wa juu, wakalirukia. Moshi haukukoma. Pamba ikashika moto. Kisha ardhi ikaruka.

Vumbi lilipotulia, Bi Hatsue alikuwa amelala bila uso. Nui aliutazama mkono wake wa kushoto, uliobaki na vidole viwili, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Umekwepa, mwoga we!" mwanamke mmoja akamfokea. "Umemuua mwenzako!"

"Sikukwepa, jamani. Nilifunika vizuri."

"Binti wa askari, aibu gani hii! Mpokonyeni jambia lake!"

Wakalichomoa mkandani. Katika nyumba za askari, binti aliyenyang'anywa jambia kwa woga hakuwa na jina tena. Nui hakulia; alikuwa mweupe kama wali. Isoko aliona yote, akainama kuokota ndoo yake.

Kombora la pili likatua mlangoni mwa chumba cha majeruhi. Mama Shige mwenyewe akakwapua mfarishi uliofuata.

"Mama, acha! Ni mkavu!" Isoko akapiga ukelele. "Nilimwagia juu tu, nikakudanganya! Nui hana kosa!"

Mama Shige akautupa, akabeba sufuria nzima ya supu ya maharage iliyokuwa jikoni pale kando, akaimwaga juu ya kombora. Utambi ukafa, ukinukia chakula cha mchana.

Akageuka, akamchapa Isoko kofi lililosikika hadi kwa adui.

"Kuogopa si kosa," alisema akihema. "Hata mimi magoti hunicheza mizinga ile ikikohoa. Ungeniambia, 'Mama, nakiogopa kisima,' tungekwenda wote wawili. Ulipodanganya, ulimtuma Hatsue akafe kwa zamu yako. Uongo mdogo hivyo, mwanangu, na tazama ulichobomoa."

Akalichukua jambia, akalirudisha mkandani mwa Nui kwa mikono yake, na mwanamke aliyefoka akainamisha kichwa mpaka chini. Isoko akapiga magoti mbele ya binamu yake, akilia.

"Simama," Nui akamwambia kwa taabu. "Nifunge mkono kwanza, halafu uende kisimani."

Isoko akaufunga. Mama Shige akampa ndoo, naye akashika nyingine.

"Kaa nyuma ya mgongo wangu," alisema. "Ni mpana, risasi zitashiba kabla hazijakufikia."