Nilitaka Waone Magoli, Wakaona Mechi Nzima

"Mjomba, umeniua!"

"Sijakuua. Nimetuma ukweli."

"Ukweli gani? Mimi si damu yako?"

"Ndiyo maana nimetuma mechi nzima! Ningetuma ile yako ya dakika tatu, wangeniona tapeli."

Mkononi nilikuwa na gongo la hoki. Mjomba akaliangalia, akarudi nyuma hatua moja...

Jamani, nilikuwa na hasira ya kuvunja mtu! Halafu ikazima. Ghafla tu. Nikabaki kama jino lililopigwa ganzi.

Ngoja niwaeleze.

Mimi ni mshambuliaji. Magoli ishirini na mbili msimu mmoja! Shule niliacha kidato cha pili kwa ajili ya mchezo huu. Mjomba ndiye kocha wetu.

Sasa klabu moja ya ng'ambo, ya kulipwa kabisa, ikamuuliza: huyu kijana ataweza huku?

Nikakata video mwenyewe kwenye simu. Magoli matupu, na muziki juu. Nikampa aitume.

Mzee hakuituma! Akatuma mechi moja, robo zote nne, na maneno haya: "Huyu ni mtoto wa dada yangu, siwezi kumpima kwa haki. Mtazameni wenyewe."

Jibu likaja. Ndilo tulilokuwa tunagombania, kwenye chumba cha vifaa.

"Soma mwenyewe," akaninyooshea simu.

"Soma wewe."

Akasoma taratibu: "Akipoteza mpira, anasimama. Tumehesabu mara kumi na saba. Hatumchukui."

Kumi na saba...

"Nilikuwa natunza pumzi nifunge!"

"Na nani alikuwa anakimbia badala yako?"

Nilimjua. Beki wetu, tunamwita Kobe. Kila mechi ananipigia kelele, "Rudi bwana!" Nami namjibu, "Kaba wewe, mimi nafunga."

"Kuna mstari mwingine," mjomba akasema. Sauti imeshuka. "Wanauliza... yule namba nne anayeziba nafasi yake, ana pasipoti?"

Namba nne ni Kobe!!

Sikulia. Sikutukana. Nilitazama soksi zilizoanikwa dirishani, basi.

Mlango ukafunguliwa. Kobe huyo, jasho tupu.

"Mbona mmenuna kama mmefiwa?"

Mjomba akanitazama mimi. Mzee mjanja, kaniachia mimi niseme.

"Kobe, una pasipoti?"

"Ya nini? Naenda wapi mimi na sura hii?"

"Ng'ambo. Wanakutaka wewe."

"Acha utani wako, bwana!" Akacheka peke yake. Akamtazama mjomba. Kicheko kikakatika.

"Na wewe je?"

"Mimi nilisimama."

"Lakini... zile mbio nilikuwa nakimbia kwa ajili yako!"

"Najua. Wameziona."

Wenzangu mnaosoma hapa, msinipe pole. Watu wote tunajua kujirekodi tukifunga. Anayetaka kukupima kweli anaangalia unafanya nini mpira ukishakutoka. Mimi nilidhani hapo hakuna anayetazama. Kumbe hapo ndipo wanapoanzia.

Kobe akanyoosha mkono.

Nikautaka wangu uinuke. Haukuinuka. Sikuwa na wivu, naapa. Sikuwa na kitu chochote.

"Hongera," nikasema.

Akasubiri kidogo, mkono bado hewani. Kisha akaushusha, akageuka, akaondoka.