Kilichoonekana Kwenye Jicho la Mtoto

Kila akitoka shuleni, Kidoti humsaidia mama yake kwenye studio ya picha. Hufagia, huwapa wateja chanuo, hukata picha za pasipoti. Mama ana utaratibu wake: akipiga picha ya mtoto mdogo, humketisha akitazama mlango ulio wazi, naye mwenyewe huupa mlango mgongo, ili mwanga wa mtaani uyajaze macho ya mtoto.

Alasiri moja mteja alileta mwanawe. Kidoti akampeleka mteja uani kuosha chupa ya maziwa, mkoba wake ukabaki kitini. Wakiwa bombani wakasikia kishindo, kisha mtoto akalia.

Kidoti alitangulia ndani. Mama alikuwa sakafuni, damu ikimchuruzika kisogoni hadi kwenye kola. Aliyemwinamia ni fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, ameshika nondo yenye damu. Mkoba wa mteja haukuwepo.

"Mwizi," Kidoti alipiga kelele. "Anamuua mama."

Watu wakajaa.

"Chuma nimekiokota hapa chini, jamani, nisikilizeni," fundi alisema.

Ngumi ya kwanza ikamng'oa jino. Wakamburuta hadi mtaroni, wakampiga mateke ya mbavu, na mmoja akamkanyaga mkono hadi mfupa ukalia.

Askari alipofika, alimuuliza Kidoti, "Mwanangu, ulimwona akimpiga mama?"

Umati mzima ulimtazama yeye.

"Ndiyo. Nilimwona."

Fundi akapelekwa hospitali na pingu mkononi.

Mama alirudi nyumbani na nyuzi kichwani, hakumbuki kitu. Mteja bado alihitaji picha, kwa hiyo mama aliifungua ile ya mwisho kwenye kompyuta na kuikuza, kukagua kama macho yametoka vizuri. Mara akamwita Kidoti.

"Njoo uone hapa."

Ndani ya mboni ya mtoto, kama kwenye kioo kidogo cha duara, mlionekana mlango. Mama ameinama na kamera. Nyuma yake mtu wa shati la mistari ameinua chuma. Na kule ng'ambo ya barabara, fundi amechuchumaa kando ya baiskeli iliyopinduliwa.

"Huyu wa mbali ni nani?"

"Fundi," Kidoti alinong'ona.

"Na wewe ulimwona akinipiga?"

"Nilimkuta ameshika chuma, mama. Nikajua ni yeye."

"Hukujua. Ulidhani."

Waliipeleka picha kituoni, na Kidoti akaufuta ushahidi wake kwa mdomo wake mwenyewe. Askari walilitambua lile shati kuwa la mwizi waliyemfahamu. Mwenyewe alikamatwa, mkoba ukiwa uvunguni mwa kitanda chake.

Hospitalini, pingu zilikuwa zimeondolewa. Mkono wa fundi ulikuwa kwenye plasta.

"Shikamoo, fundi. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nisamehe."

"Marahaba." Midomo yake ilikuwa imevimba, maneno yakatoka polepole. "Nimekusamehe. Ila nikisikia kishindo tena kwa watu, sijui kama nitakimbia kwenda kusaidia."

Kidoti alilia. Mama hakumbembeleza.

"Umemsikia?" alisema. "Ukiulizwa, sema ulichokiona, ukomee hapo. Yaliyobaki, sema hujui. Kusema hujui hakumvunji mtu mkono."