Nafasi ya Bulgaria

"Bulgaria? Jentrix, hata hujui iko wapi."

"Iko hapa." Jentrix aliweka kidole kwenye ramani. "Juu ya Ugiriki, kando ya bahari. Mji mkuu unaitwa Sofia."

"Na sisi tulisema nini?"

"Tulisema India."

"Tulisema Pune. Tena tulisema pamoja."

Mkutubi aliwakoholea kutoka mezani kwake. Wakashusha sauti, lakini hakuna aliyefunga kitabu.

Ilikuwa Julai 1988, ndani ya maktaba ya Kisumu. Jentrix Amolo alikuwa msichana wa Ahero. Baba yake alisimamia mitaro ya maji kwenye skimu ya mpunga, na ndoto yake kubwa ilikuwa kusikia watu wakimwita baba wa daktari. Wabwire, kijana aliyekuwa naye mezani, kwao ni Busia, lakini alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za reli hapo Kisumu, maana baba yake alikuwa gadi wa treni. Walipendana wakiwa kidato cha tano. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, wote wawili walikosa chuo kikuu cha hapa nchini kwa alama kidogo sana. Siku hizo aliyekosa nafasi nyumbani alitazama India, na Pune walikuwa wamewakubali wote wawili: Wabwire uhandisi, Jentrix famasia. Wangesoma, wangerudi, wangeoana. Mambo yalikuwa yamepangwa.

Kisha Jentrix akaitwa Nairobi kwa usaili wa skolashipu ya udaktari Bulgaria.

"Ni usaili tu," alisema. "Pengine hata sitapita."

"Na ukipita?"

"Udaktari, Wabwire. Sio famasia. Udaktari."

"Miaka saba! Wa kwanza unasoma lugha tu. Utarudi unikute na mvi."

"Nitakupenda na mvi zako."

"Wacha mchezo. Kuna mtu wa Kisian alienda Urusi, akarudi na mzungu."

"Huyo alikuwa mwanaume."

Wabwire alijizuia kucheka, akashindwa. Walipotoka nje alikuwa amenuna tena.

"Enda basi. Lakini sitajifanya nimefurahi."

"Sijakuambia ufurahi. Nimekuambia unibebee begi mpaka stesheni."

Akambebea.

Usaili ulienda vizuri. Nyumbani Ahero hakukuwa na simu, kwa hivyo Jentrix aliacha nambari ya ofisi ya dada yake. Selpha alikuwa karani wa wakili mmoja karibu na soko la Jubilee, na simu ilikaa mezani kwake. Mwezi wa Agosti ulianza, simu haikuja. Jentrix alipitia pale kila alipokuja mjini. Wabwire naye alikuwa akimngojea hapo, kwa sababu ofisi ilikuwa na kivuli na viti.

Siku moja mchana Selpha alichukua faili za wakili.

"Shemeji, nipeleke hizi kortini mara moja. Jentrix akifika mwambie anisubiri."

"Sawa."

Simu ililia kabla Selpha hajafika hata kwenye kona. Wabwire aliitazama. Ikaendelea kulia. Akainua.

"Halo?"

"Hapa ni Nairobi, tunapiga kuhusu skolashipu. Namtafuta Jentrix Amolo."

"Hayuko kwa sasa."

"Wewe ni nani wake?"

"Mtu wa nyumbani."

"Basi mpe habari njema. Amepata Bulgaria. Afike hapa na pasipoti kabla ya Ijumaa. Asipofika tutampa anayemfuata, maana ndege haingoji. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Aliweka simu chini. Jentrix aliingia muda mfupi baadaye, amebeba ndizi kwenye mfuko, vumbi la Ahero limejaa viatuni.

"Hakuna simu?"

Wabwire alipokea ule mfuko. Baadaye katika maisha yake alikuja kuifikiria sana nafasi ile ndogo kati ya swali na jibu. Ilimtosha kabisa kusema kweli.

"Hakuna," alisema.

Ijumaa ikapita. Simu ilipozidi kuchelewa Jentrix aliona amekosa; alilia mara moja tu, nyuma ya jiko la mama yake, kisha akanawa uso. Kesho yake Mzee Amolo akamwita.

"Famasia nayo ni dawa, nyathina, mtoto wangu," alisema. "Enda India. Na huyo kijana wako yuko, hutakuwa peke yako."

Wabwire alikuwa mpole ajabu wiki hizo. Alimshughulikia kila jambo: viza, chanjo, picha za pasipoti. Jentrix aliona kwamba amepunguza kula. Alidhani ni huruma.

Mambo yalifichuka Awasi, si mbali na Ahero. Msichana aliyeitwa Benta, ambaye Jentrix alikaa naye kwenye benchi moja siku ya usaili, alikuwa anakaribia kusafiri, na watu wa kanisa walikuja kumwombea. Jentrix naye alialikwa, akaenda na Selpha. Baada ya maombi Benta alimvuta pembeni, karibu na masufuria.

"Sikujua kama utakuja. Nilifikiri umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa nini?"

"Si nimechukua nafasi yako."

Jentrix alicheka kidogo. "Nafasi gani? Mimi sikupita."

Benta aliweka sahani chini.

"Jentrix, wewe ulikuwa mbele yangu. Waliniambia wenyewe. Walipiga simu Kisumu, mtu wa kwenu akapokea, akasema atakuambia. Wakangoja mpaka Ijumaa. Ndio wakaniita mimi."

"Mtu gani wa kwetu?"

"Walisema mwanaume."

Jentrix alimgeukia dada yake. Selpha alikuwa tayari ameshika mdomo.

"Wakili alikuwa Kakamega wiki hiyo yote," Selpha alisema polepole. "Na mimi nilitoka mara moja tu, kupeleka faili kortini. Nilimwacha..."

Kesho yake Jentrix alifika nyumba za reli. Wabwire alikuwa uani anapiga pasi shati la kusafiria. Alipoona uso wake aliiondoa pasi kwenye nguo.

"Nani alipokea simu?" Jentrix aliuliza.

Angeweza kukataa. Hakukataa.

"Mimi."

"Walisema nini?"

"Walisema umepata."

"Nikakuuliza."

"Ukaniuliza."

"Ukabeba ndizi zangu, ukaniambia hakuna."

"Ningekupoteza, Jentrix. Miaka saba..."

"Na sasa umenipata?"

Mama yake Wabwire alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

"Twende tuwapigie," Wabwire alisema. "Nitawaambia ni makosa yangu..."

"Benta anaondoka kesho. Unataka wamshushe kwa ndege?"

"Basi niambie nifanye nini."

"India nitaenda," Jentrix alisema. "Siwezi kumwangusha Baba mara mbili. Hili neno nikimwambia sasa atakuja hapa na panga, kwa hivyo sitamwambia. Lakini sikai darasani Pune nikikutazama. Siwezi."

"Hutanitazama. Sitaenda."

"Usinifanyie tamthilia."

"Sio tamthilia. Wewe enda. Mimi sitakanyaga huko."

Hakukanyaga. Jentrix aliondoka Septemba. Mzee Amolo alipouliza kijana yuko wapi, aliambiwa karo haikutosha, akasikitika kidogo, akasahau. Wabwire aliingia chuo cha ufundi Nairobi, akarudi Kisumu akapata kazi ya kutengeneza injini za feri bandarini. Aliandika Pune barua tatu za kuomba msamaha. Hazikujibiwa, akaacha.

Upande wa pili wa dunia mambo yaligeuka. Serikali ya Bulgaria ilibadilika, na mwaka uliofuata posho ya Benta ikakatika. Aliuza sweta sokoni, akalala chumba cha wawili wakiwa wanne, mwisho akarudi nyumbani bila digrii. Akapata kazi ya kufundisha shule ya msingi hapo Awasi. Jentrix alirudi mwaka wa 1993 na famasia yake kamili, akaajiriwa kwenye hospitali moja mjini Kisumu.

Ndipo siku moja alipochungulia kwenye dirisha la dawa, akamwona Wabwire amemshika mkono mama yake. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni.

"Hii ni ya presha," Jentrix alimwambia yule mama. "Moja asubuhi, moja jioni. Usiache hata ukijisikia mzima."

"Asante, daktari," mama alisema. Macho yake yalikuwa yameharibika, hakumtambua.

"Mimi sio daktari, Mama."

Wabwire aliinamisha kichwa. Alimpeleka mama yake kwenye benchi, kisha akarudi dirishani.

"Jentrix, naomba kitu kimoja."

"Kuna foleni."

"Nataka kwenda Ahero nimwambie Mzee."

"Umwambie nini?"

"Ile simu."

Jentrix alimtazama kwa muda mrefu, mpaka mtu wa nyuma akaanza kunung'unika.

"Sikutumi," alisema. "Ukienda ni wewe umejipeleka."

"Najua."

"Jumapili huwa niko nyumbani. Usifikiri nitakutetea."

Jumapili Wabwire alifika Ahero baada ya ibada, amevaa shati jeupe. Mzee Amolo na mkewe walimpokea vizuri. Waliuliza habari za mama yake, za Busia, za feri. Jentrix alikuwa jikoni, mlango wazi. Uji ulikuwa mekoni na yeye hakuwa anaukoroga.

"Mzee," Wabwire alisema, "mwaka ule wa Bulgaria, Jentrix alipita. Walipiga simu kwa ofisi ya Selpha. Mimi ndio nilipokea. Nikamwambia hakuna simu. Nilitaka aende India na mimi."

Aliyejibu hakuwa Mzee, alikuwa mama.

"Mimi nilijua. Selpha aliniambia zamani." Akamgeukia mumewe. "Na mimi nimeomba sana juu ya jambo hili, Baba Selpha. Tazama mtoto wa Awasi. Alienda, akateseka, akarudi mikono mitupu. Huyu wetu amerudi na kazi. Mungu alimtumia huyu kijana bila yeye kujua. Alimwokoa."

Hapo Wabwire alikuwa amepewa mlango wa kutokea, tena wazi. Mama alikuwa amesema kwa moyo safi, na Mzee alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayelipima neno.

"Hapana, Mama," Wabwire alisema. "Asante, lakini hapana. Mimi sikujua posho itakatika. Ningejua Bulgaria ni peponi bado ningenyamaza. Sikumwokoa. Nilimwibia."

Mzee Amolo alisimama. Alichukua kofia yake msumarini, akatoka, akaelekea kwenye mashamba ya mpunga.

Wabwire alingoja kidogo, akaaga. Jentrix alimfuata nje. Walitembea mpaka wakakaribia barabara kuu.

"Mama alikupa pa kutokea," Jentrix alisema. "Kwa nini hukupita? Ungerudi Kisumu mtu mzuri."

"Wewe ulikuwa jikoni. Ungenisikia nikipita."

"Unajua kinachoniuma ni nini?" Jentrix alisema. "Labda na mimi ningerudi kama Benta. Labda ningevumilia, niuze hizo sweta, nimalize. Sijui, na sitajua. Hiyo ndio ulichukua."

"Ndio."

"Huwezi kurudisha."

"Siwezi."

"Afadhali umesema huwezi. Wengine wangeniahidi."

Gari lilipita, likawarushia vumbi. Jentrix alijipangusa uso kwa ukingo wa leso.

"Una mtu?" aliuliza.

"Sina. Wewe?"

"Kulikuwa na mmoja Pune. Gordon, wa Siaya. Mtu mzuri. Nilikuwa kila siku namkagua kama ananificha kitu. Akachoka."

"Pole."

"Usinipe pole wewe." Lakini hakuisema kwa ukali. "Kuja tena Jumapili."

"Mzee amekasirika."

"Mzee atakasirika mpaka Krismasi. Wewe kuja tu, umsalimie, ukae. Asipoitika, kaa."

Wabwire alikuja Jumapili hiyo, na nyingine. Mzee Amolo hakuitika. Alipita mbele yake kama anapita kiti. Mvua kubwa zikaja, maji yakaingia mashambani, na Wabwire akamkuta yule mzee peke yake kwenye mtaro akihangaika na lango la maji lililokwama. Aliingia majini na shati lake la kanisani. Walisukuma pamoja mpaka likafunguka.

"Shika hapa," Mzee alisema. Lilikuwa neno la kwanza. La pili lilikuwa, "Nguvu zaidi."

Na Jentrix? Yeye alichukua muda wake. Alimruhusu Wabwire amsindikize kazini, kisha amsubiri jioni, kisha siku moja akamuuliza mwenyewe, mbele ya geti la hospitali:

"Bado unataka kunioa ama ulikuwa unaomba msamaha tu?"

"Vyote viwili."

"Basi leta wazee wako."

Harusi ilikuwa Ahero, Aprili 1995. Benta alikuja kutoka Awasi akasimamia upande wa bibi harusi, akiwa amevaa sweta nyekundu katika joto lile, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Wakati wa hotuba Mzee Amolo alisimama, akasubiri watu watulie.

"Huyu kijana aliniibia daktari," alisema.

Mama Selpha alimvuta koti. Hakukaa.

"Mnaniambia baba wa bibi harusi hasemi maneno kama haya. Mimi nasema, kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kwangu akayasema, na hakuna aliyemshika mkono kumleta. Nimemkasirikia muda mrefu. Sasa nimezeeka, na hasira inataka mtu mwenye nguvu." Akamnyooshea kidole mkwe wake. "Mpeni chakula."

Watu walicheka, wakapiga makofi, ngoma ikaanza. Jentrix hakucheka. Alimgeukia mumewe.

"Umemsikia Baba?"

"Nimemsikia."

"Basi kula," alisema, akamsogezea sahani.